Uzee tu, uzee tu

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka moja la dawa za mifugo hapa Arusha, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu sungura wa miaka tisa aliyefunikwa kanga. Tulikuwa tumetoka kwa daktari kupima uzito, dawa kwake imeisha, akaniandikia jina kwenye karatasi nikatafute madukani. Mbele yangu mzee mmoja anauliza dawa ya kupe. Nyuma yangu mama mwenye tenga la vifaranga. Zamu yangu ikafika, nikatoa karatasi.

"Ya mbwa?"

"Ya sungura."

Kijana akafunua kanga kwa kidole kimoja, kama mtu anayechungulia kama maharage yameiva, kisha akacheka. "Dada, huyu si wa dawa, huyu ni wa sufuria. Kazeeka tu."

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo maana siku ya tano leo bado nina hasira.

La sufuria nalisamehe. Sungura analiwa, nami nimemla, kwa bibi yangu Machame, na nikaomba nyongeza. Sina ugomvi na mwenye banda la sungura mia wa nyama, wala na yule anayekinga mkojo wao auze kama mbolea. Kila mtu na riziki yake. Ila Pamba, huyu sungura wangu, hakuja kwetu kwa njia hiyo. Mwanangu alimnunua kwa hela yake ya sikukuu, kutoka kwa kijana aliyewapanga kwenye boksi la sabuni kando ya barabara ya Tengeru, akalala naye kitanda kimoja wiki nzima kabla sijagundua. Mwanangu sasa yuko chuo. Sungura kabaki na mimi.

Kilichonikaa kooni ni lile neno la mwisho. Kazeeka *tu*. Hiyo "tu" naijua vizuri. Ukishaitamka hakuna tena swali, hakuna kumgusa mgonjwa, hakuna kuuliza inauma wapi. Mazungumzo yamefungwa, aliye nyuma asogee.

Naijua kwa sababu niliitumia mwenyewe karibu mwaka mzima.

Ilianza Juni ya mwaka juzi, baridi la huku lilipoingia. (Ninyi wa Dar yenu ni joto, na mwangalie, kwa sababu sungura hatoi jasho, anapozea mwili masikioni.) Kuna kidato kimoja tu kati ya sebule yangu na uani. Pamba alikuwa anakiruka bila kukiona. Mwezi ule akaanza kukifikia, anasimama, anakitazama, anageuka. Nikasema, mzee huyo, amechoka kutembea. Baadaye akaanza kukojoa pembeni ya beseni lake. Nikamgombeza. Kisha ikaja harufu. Nikamgeuza tumbo juu, nikakuta manyoya ya chini yamelowa na kuwa ya njano, ngozi nyekundu, na kinyesi kimegandamana nyuma kama udongo wa kukandika.

Nilidhani amekuwa mchafu. Jamani! Sungura na paka wanashindana kwa usafi. Wasiofuga pengine hawajui kwamba sungura ana vinyesi vya aina mbili: vile vigololi vikavu mnavyoviona, na kile laini chenye virutubisho ambacho anakila mwenyewe, anainama na kukipokea moja kwa moja kinapotoka. Ndivyo alivyoumbwa. Sasa mgongo ukikaza na nyonga zikauma, kuinama huko hakuwezekani. Kinyesi kinabaki kwenye manyoya. Mkojo nao unamwagikia tumboni kwa sababu hawezi kuinua makalio. Inzi wakija wanataga mayai hapohapo, na funza wanaanza kumla angali hai. Mimi huku naimba: uzee tu, uzee tu.

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja mpole ambaye siku nyingi huwa kwenye ng'ombe. Mnajua Pamba alifanya nini mezani? Alitembea. Vizuri kabisa! Akaenda mpaka ukingoni, akarudi, masikio juu, kijana wa miaka miwili. Nikaona aibu, nikaanza kuomba radhi kwa kumpotezea daktari muda. Tangu utotoni tunasimuliwa jinsi Sungura alivyowahadaa Fisi na Simba na Tembo, halafu mtu mzima nashangaa kuhadaiwa mezani. Yule mama wala hakushangaa. Akasema mnyama huyu analiwa na kila kitu chenye meno, kwa hiyo mbele ya mgeni hachechemei, akichechemea amekufa. "Nenda kampige video nyumbani asipojua unamtazama, uniletee." Nikarudi na video ya dakika mbili: Pamba anajivuta kwenda kwenye maji, miguu ya nyuma inakwenda pamoja kama imefungwa kamba, anapumzika njiani mara mbili. Njiani kwenyewe ni mita tatu.

Daktari akamshika nyonga, akaikunja taratibu. Sungura hakutoa sauti. Alifumba macho nusu, basi. Nilikuja kusoma baadaye kwamba mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitoa kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa sungura: macho yanavyojifinya, mashavu yanavyobonyea, pua, masharubu, masikio. Vitu vitano. Nikafungua picha za simu yangu za miezi ile yote. Macho yamefinywa. Masikio yamelala nyuma. Picha moja niliiweka hata kwenye stetasi ya WhatsApp na maneno "mzee amepumzika". Watu thelathini waliitazama, wengine wakatuma vikopa.

Baridi yabisi ya nyonga na uti wa mgongo wa chini, gegedu, ule mto laini wa kwenye maungio, limesagika. Haiponi. Daktari hakunificha hilo. Lakini akaongeza kitu ambacho kingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa lile duka: ugonjwa hauponi, maumivu yanatulizwa. Akampa dawa ya maumivu, meloksikamu ya maji, ile ya mbwa, na kipimo akakipiga upya kwa uzito wake, maana mwili wa sungura unaimaliza dawa hiyo haraka na maelekezo ya chupani hayamhusu. (Msiniulize kipimo. Muulizeni daktari wenu, anayeangalia na figo. Na zile dawa zenu wenyewe za maumivu mziache kabatini.)

Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa napasua kuni uani nikahisi natazamwa. Pamba amekaa mlangoni, juu ya kile kidato. Akanyanyuka kwa miguu ya nyuma, akayumba, akatulia, kisha akashusha sikio moja kwa viganja viwili na kuanza kulisafisha, kutoka shinani mpaka nchani, kama binti anayechana nywele ana haraka ya kanisani. Miezi sijaona kitendo hicho. Niliweka shoka chini.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka bibi, na ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote.

Bibi yangu alikuwa na magoti. Ndivyo tulivyosema, "bibi ana magoti", kama vile sisi wengine hatuna. Kila likizo tukifika Machame tulimkuta kwenye kigoda mlangoni. Shikamoo bibi. Marahaba wajukuu zangu, magoti haya jamani. Na sisi wote, watoto wake wenye kazi mjini, wajukuu wenye vyeti, tuliitika kwa wimbo mmoja: ni uzee tu, bibi. Tulisema kwa upendo! Tulimletea sukari na shuka. Kihamba chake, shamba lake la migomba, kilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kile kigoda na alikuwa anakitazama kwa mbali, anaelekeza kwa fimbo mgomba upi umeangukia mwingine. Alipoanza kunuka mkojo kidogo tulinong'onezana jikoni kwamba bibi sasa amekuwa mtoto. Hakuna aliyejiuliza kama choo kiko mbali kwa mtu mwenye magoti yale. Miaka minne.

Kisha muuguzi mmoja mstaafu, jirani wa chini, akamtembelea kwa habari za kanisa, akamshika goti, akauliza bibi unalalaje usiku? Halali. Kumbe alikuwa halali. Wakampeleka hospitali, akapewa dawa, akafundishwa kunyoosha miguu asubuhi, mjomba akamjengea choo karibu na mlango. Pasaka ile tulifika hatukumkuta kwenye kigoda. Alikuwa shambani, ameshika ndizi mbili za kuchoma, anamgombeza mjomba kwa kutopogoa.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Miwili mizuri. Ila mimi naihesabu ile minne, siwezi kuacha kuihesabu.

Najua kuna atakayesema namlinganisha bibi na sungura. Sawa, semeni. Bibi mwenyewe angecheka halafu angeuliza huyo sungura ana mafuta kiasi gani.

Kuhusu pesa: ndiyo, ni pesa. Chupa moja ni kilo za mchele, na hamna namna ya kulipamba hilo. Mwenye watoto wa kulisha na sungura wa kuponya sina la kumwambia. Mengine lakini hayana gharama, na yamemsaidia karibu sawa na dawa. Sakafu yangu ni ya marumaru, inateleza, kwa hiyo nimetandika mablanketi chakavu njia nzima kutoka anapolala mpaka kwenye maji. Beseni lake la haja nimelikata ukingo mmoja kwa kisu cha moto ili aingie bila kuruka. Nyasi kavu nimezishusha chini, maana ndizo chakula chake kikuu, meno ya sungura hayaachi kukua na tumbo lake halitakiwi kusimama. Akipitisha nusu siku bila kula ni dharura, mkimbizeni. Kila jioni namwosha nyuma kwa maji ya uvuguvugu, namkausha mpaka kabisa, namkata kucha kila mwezi. Mama Neema wa jirani alinishauri nimpake dawa ya kuchua. Hapana, anailamba yote. Na asitokee mtu kumpa amoksisilini ya mdomo, inaua bakteria wa tumboni wanaommeng'enyea chakula, naye anawafuata.

Sehemu ya kosa ni yangu, na hii siipendi kuiandika. Miaka minne ya mwanzo Pamba alikaa kwenye banda la sakafu ya waya, kwa sababu ndivyo fundi alivyojua kutengeneza na mimi sikuuliza. Nikamlisha pumba na mkate, nikafurahi anavyonenepa. Alifika kilo nne na nusu. Kilo nne na nusu juu ya nyonga zile, juu ya waya! Sasa ana tatu na robo, na kila gramu aliyopungua tumeipigania.

Na yule kijana wa dukani, haya, nimpe haki yake kwa shingo upande. Anauza dawa za kuku na mbuzi, hakuna aliyemfundisha sungura wa sebuleni. Hata madaktari wetu wanaotoka SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, wanajifunza kwanza ng'ombe, ndiyo inayolisha nchi. Na iko siku dawa haitatosha, Pamba atakaa na macho yamefinywa hata baada ya kipimo cha jioni, na nitamwita yule mama aje na sindano ya mwisho. Nimeshamwambia. Lakini siku hiyo nitaijua kwa kumtazama sungura. Siwezi kuisoma kwenye kalenda. Miaka tisa ni mzee, sikatai. Wengi wanaishi minane mpaka kumi na miwili. Yupo mmoja wa Tasmania, Australia, aliyetimiza 18 na ushee, nadhani huyo alikuwa amekasirika.

Dawa ilikuwepo, lakini. Rafu ya pili, nyuma ya makopo ya dawa ya minyoo. Niliiona mwenyewe nikamwonyesha. Akaipangusa vumbi na kunitajia bei, na mama wa vifaranga akauliza, kwa upole kabisa, "Kwani anaumwa nini?" Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mama mkwe wake naye ana magoti, anaishi nao hapo Ngaramtoni, wao walidhani ni umri. Tulisimama nje ya duka muda mrefu, vifaranga wanalia, mimi nimesahau kabisa nilichobeba mkononi.

Pamba hakusahau. Nilipofika nyumbani nikakuta amekojolea kanga yote, ile nzuri, ya harusi ya mdogo wangu. Nimeifua mara mbili, bado iko kwenye kamba.