Stashahada ya sheria: imwandae wakili wa kesho au msaidizi wa kisheria wa leo?

Kila mtaala wa stashahada ya sheria unapofika wakati wa kuhuishwa, hoja mbili hukutana na kuachana bila kuelewana. Ya kwanza inasema nadharia imezidi, mhitimu anatoka chuoni akiwa na cheti kizuri lakini hajui kujaza fomu ya mirathi. Ya pili inajibu kwamba ukipunguza nadharia utazalisha makarani, na makarani mahakamani wapo tayari. Mimi naegemea hoja ya pili kuliko ninavyoona wengi wakiiegemea, ingawa kwa masharti ambayo walimu wengi wa sheria hawatayapenda.

Mjadala huu umepata uzito mpya Tanzania Bara tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017. Zanzibar ilitunga yake mwaka uliofuata. Kabla ya hapo wasaidizi wa kisheria walikuwa wakifanya kazi vijijini na kwenye kata kwa miaka mingi, wakiwa wamepewa mafunzo ya wiki chache na mashirika, bila sheria mahususi ya kuwatambua. Sheria ya 2017 iliwapa usajili na Msajili wao, na ikawawekea mipaka: huduma wanayotoa ni ya bure, na hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu kama wakili. Wanaelimisha, wanashauri, wanasuluhisha, wanamwelekeza mtu wapi pa kwenda na aende na nini mkononi.

Kazi hiyo ndiyo kipimo cha mtaala. Na mtaala wenyewe hauna nafasi ya kuchezea. Katika mfumo wa tuzo za ufundi, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na ngazi moja, yaani mwaka mmoja wa masomo, inabeba krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, ukihesabu na muda ambao mwanafunzi anajisomea mwenyewe. Anayetaka kuingiza somo jipya aseme ni lipi linatoka. Hapo ndipo vikao vingi vya mitaala hukwama, kwa kuwa kila somo lina mwalimu wake, na mwalimu huyo yumo kikaoni.

Tuichukue mirathi, maana ndiko hoja zote mbili zinakoonekana waziwazi.

Mwanamume amefariki. Ameacha nyumba Mbagala, shamba kijijini, mke na watoto watatu. Alikuwa Mkristo. Ukoo unakaa, unamteua kaka wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, unaandika muhtasari wa kikao na kumtuma Mahakama ya Mwanzo. Mjane anamfuata msaidizi wa kisheria wa kata yake akiuliza afanye nini.

Anayetetea vitendo ana la kusema hapa, na ni zito. Usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo unaongozwa na kanuni za mwaka 1971, na kanuni hizo zimejaa fomu. Kuna fomu ya kuomba usimamizi. Kuna Fomu Na. V, ambayo msimamizi anatakiwa kuiwasilisha ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, akiorodhesha mali zote na madeni yote ya marehemu. Kuna Fomu Na. VI ya mahesabu. Msimamizi akishapata barua ya uteuzi huona kazi imekwisha, akaanza kukusanya kodi ya nyumba. Jalada linalala. Mjane hajui kwamba miezi minne ikipita anaweza kwenda kuikumbusha mahakama idai orodha ile. Mhitimu aliyefundishwa hatua hizo tatu, akazijaza kwa mkono wake mara kadhaa darasani, anamsaidia mama huyu siku hiyo hiyo. Aliyefaulu somo la nadharia za sheria kwa alama A na hajawahi kuiona Fomu Na. V atampa pole.

Lakini rudi nyuma hatua moja. Kwa nini shauri lifunguliwe Mahakama ya Mwanzo? Mahakama hiyo inashughulikia mirathi pale tu sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Kwa Mkristo aliyeishi mbali na mila za kwao, sheria inayotumika ni ile ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado iko hai kwetu (ndiyo, ya mwaka huo), na shauri linakwenda mahakama ya ngazi ya juu zaidi. Mahakama huangalia marehemu aliishi maisha ya namna gani na alikusudia mali yake igawanywe vipi. Hiyo ni nadharia. Hakuna fomu inayoiuliza.

Na tofauti yake haihesabiwi kwa shilingi elfu mbili tatu. Kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu la urithi ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Chini ya sheria ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja. Kwa hiyo aliyeshika kalamu na kujaza fomu vizuri kabisa kwenye dirisha lisilo lake anaweza kuwa amemnyima mama huyu theluthi ya nyumba ya Mbagala. Amejaza bila kosa la herufi hata moja.

Kuna na muhtasari wa kikao cha ukoo. Kanuni za 1971 haziutaji kuwa sharti la kufungua shauri, lakini mazoea yameufanya kuwa kama tiketi ya kuingilia. Msaidizi aliyefundishwa vitendo peke yake atamwambia mjane, "Mama, rudi ukalete muhtasari." Atarudi kwa mashemeji walewale wanaotaka kumtoa ndani ya nyumba. Aliyesoma kanuni zenyewe anajua kwamba mama anaweza kuomba bila kusubiri baraka za ukoo, na anajua pia kwamba karani atamsumbua, hivyo anamwandaa kwa usumbufu huo. Elimu za aina zote mbili zinahitajika katika mazungumzo ya dakika kumi.

Ndoa na ardhi zinaonyesha jambo hilo hilo kwa ufupi zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro upitie kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa kabla ya kuomba talaka mahakamani, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Bila hati ya baraza shauri linatupwa. Kwenye ardhi, marekebisho ya 2021 yaliyaondolea Mabaraza ya Kata mamlaka ya kuamua migogoro. Sasa yanasuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kuwa suluhu imeshindikana. Mwanafunzi aliyekariri utaratibu wa kabla ya 2021 anao ujuzi wa vitendo, tena wa vitendo vilivyokwishafutwa. Anayejua kusoma sheria ya marekebisho mwenyewe hatabaki nyuma kila Bunge linapokutana.

Basi nadharia ibaki. Swali ni nadharia ipi, na ifundishwe kwa lugha gani.

Suala la lugha linaniudhi kidogo, kwa sababu huwa tunalizunguka. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha shughuli zake kwa Kiswahili miaka yote. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla, Kiingereza kikibaki kwa nafasi maalumu. Mteja wa msaidizi wa kisheria anasema Kiswahili, wakati mwingine lugha ya kwao tu. Lakini somo la ushahidi linafundishwa kwa Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na mwanafunzi aliyeingia na ufaulu wa kidato cha nne wa wastani anatumia nusu ya nguvu zake kupambana na lugha kabla hajafika kwenye sheria.

Wanaotetea Kiingereza wana sababu nzuri kuliko wanavyopewa sifa. Hukumu za Mahakama ya Rufani zilizojenga sheria yetu kwa miongo kadhaa ziko kwa Kiingereza. Ile ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983, iliyokubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, kila msaidizi wa kisheria anapaswa kuijua, na imeandikwa kwa Kiingereza. Shahada ya sheria nayo ni ya Kiingereza. Mhitimu wa stashahada mwenye wastani wa 3.0 anaweza kuomba shahada, kisha Shule ya Sheria, kisha uwakili. Kumfundisha kwa Kiswahili kitupu ni kumfungia njia hiyo, na wazazi wengi wanalipa ada wakiiwazia njia hiyo hiyo.

Hapa ndipo mzizi wa ugomvi wote ulipo. Stashahada inawatumikia mabwana wawili. Kwa mwanafunzi ni daraja la kwenda chuo kikuu, kwa sheria ya 2017 ni mahali pa kumwandaa mtu wa kukaa na wananchi. Kuna wanaopendekeza mwaka wa pili ugawanywe, wanaotaka shahada wapite upande huu na wanaotaka kazi upande ule. Linavutia kwenye karatasi. Nahofia upande wa pili utageuka jalala la wenye alama ndogo, na mjane wetu atahudumiwa na wale ambao chuo chenyewe kimewaona hawafai.

Wengine husema tuige Marekani. Huko chama cha kitaifa cha mawakili, kinachoidhinisha programu hizi, kinataka angalau krediti 60 za muhula, 18 zikiwa za elimu ya jumla na 18 za masomo ya sheria. Krediti zao hazilingani na zetu. Ni mpango mzuri kwa kazi ya kwao: msaidizi anakaa ofisini chini ya wakili, anaandaa nyaraka, na haruhusiwi kumshauri mteja kisheria kwa mamlaka yake. Wa kwetu anakaa chini ya mwembe, na wakili wa karibu yuko mjini.

Kisa cha kujifunza huko ni cha jimbo la Washington. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliidhinisha leseni ya mtaalamu asiye wakili anayeweza kuwashauri watu katika mashauri ya familia. Masharti yakapangwa kwa nia njema: krediti 45 za masomo ya msingi ya sheria, masomo ya sheria ya familia juu yake, mitihani, na saa 3,000 za kazi chini ya wakili. Waliojitokeza wakawa wachache mno. Juni 2020 mahakama ile ile ikapiga kura kuifunga programu, ikitaja gharama na uchache wa watu. Kila sharti lilikuwa na sababu yake. Yalipojumlishwa yakawa ukuta.

Malawi ilianza upande mwingine. Tangu mwaka 2000 wasaidizi wa kisheria huko wanaingia magerezani, wanawafundisha mahabusu kwa maigizo namna ya kuomba dhamana wenyewe. Azimio la Lilongwe la 2004 liliwatambua watu wa aina hii kuwa sehemu ya msaada wa kisheria barani Afrika. Kenya kwa upande wake, katika sheria yake ya 2016, inamtaka msaidizi wa kisheria awe amemaliza kozi katika chuo kilichoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Hilo linainua kiwango, na linamweka shakani mama wa Kilifi aliyefundishwa na shirika na ambaye kijiji kizima kinamfuata.

Hatari hiyo ipo kwetu pia. Tukiufanya mtaala wa chuo kuwa mlango pekee, tutawapoteza wanaofanya kazi hii kwa kujitolea, kisha tutangoja wahitimu waliolipa ada ya miaka miwili waje kufanya kazi isiyo na malipo. Hawatakuja, na siwalaumu. Kwa hiyo vyuo vitoe stashahada, na pia vifundishe kozi fupi kwa wasaidizi walio kazini, kwa Kiswahili, wapewe krediti za kuhesabiwa siku wakitaka kuendelea na masomo.

Ndani ya stashahada yenyewe, ningegusa masomo machache tu. Sheria ya kimataifa, pale inapofundishwa ngazi hii, itoke; shahada itaifundisha. Stadi za mawasiliano na stadi za kompyuta ziunganishwe na zifundishwe kupitia nyaraka za mahakama: kiapo, hati ya madai, barua kwa Baraza la Kata. Mirathi, ndoa na ardhi zifundishwe kwa lugha mbili, hukumu zikisomwa kwa Kiingereza na mteja akihojiwa kwa Kiswahili, na mtihani uwe na sehemu ya kumsikiliza mtu dakika ishirini kisha kuandika amwelekeze wapi na kwa sababu ipi ya kisheria. Muhula mmoja uwe wa kliniki, wanafunzi wakikaa na wananchi wa kweli chini ya wakili.

Kliniki ndiyo itakayogharimu. Wakili anayesimamia wanafunzi kumi hafundishi darasa la mia mbili, na chuo kinachoishi kwa ada kitaona hasara hiyo mwezi wa kwanza. Jaribu litakuwa kuandika "mafunzo kwa vitendo" kwenye mtaala, kisha kumpeleka mwanafunzi kwenye masijala akabebe majalada wiki nane na kugongewa muhuri. Kama fedha za msimamizi hazipo, heri kliniki isiandikwe kabisa, na saa zake zirudi kwenye somo la mirathi pamoja na fomu zake.