Kifurushi cha kwanza cha familia kiwe kidogo

Bando letu la kwanza la familia lilikata siku ya 11. Lilikuwa la mwezi mzima, GB 10 za watu wanne, na nilivyolinunua nilijiona mjanja kweli. Mke wangu alikuja sebuleni na simu mkononi: "Mbona mtandao hautoki?" Nikaangalia salio. Sifuri.

Mtuhumiwa hakuhitaji kutafutwa. Tuna kijana wa miaka 14, simu kwake ni kiungo cha mwili. Nikamwita, nikamsomea yote: uaminifu, kiasi, kuwafikiria wenzake. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa adabu zote, "Baba, ya kwako umeiangalia?"

Nikafungua mipangilio kwenye sehemu ya matumizi ya data. Ya kwangu peke yangu ilikuwa GB 6 na ushee. Wiki hiyo nilikuwa nimemrekodi mdogo wetu akijifunza baiskeli, tena kwa ubora wa juu kabisa, mara nyingi tu kwa sababu kila jaribio alianguka kabla ya kufika getini. Dakika moja ya video ya 4K inaweza kuzidi MB 300. Ile programu ya kuhifadhi picha mtandaoni nilikuwa nimeiruhusu mwenyewe itumie data ya simu, nikijiambia kwamba si tuna bando la familia bwana. Kila anguko la baiskeli lilipakiwa. Nilimwomba kijana radhi, na akaipokea kwa tabasamu ambalo sikulipenda.

Tangu siku hiyo nikiulizwa familia ianze na kifurushi gani, jibu langu ni moja: kidogo, cha mwezi mmoja, cha kulipia kabla, kisicho na mkataba. Si kwa sababu ya ubahili. Ni kwamba hujui familia yako inatumia nini. Unadhani unajua, kama nilivyodhani mimi. Muuzaji anataka ufanye kinyume, uanze na kikubwa cha muda mrefu halafu ndio ugundue baadaye kama kinakufaa. Kwangu mwezi wa kwanza ni wa kupima tu. Bando likikata mapema, sawa, ndicho kipimo chenyewe hicho.

Kupima si kazi. Simu zote za kisasa huonyesha kila programu imekula kiasi gani. Kwenye Android unaweza kupanga hesabu ianze upya tarehe unayotaka. Kwenye iPhone haijifuti yenyewe; inabidi ushuke mpaka chini kabisa ya orodha ubonyeze kuifuta, la sivyo utakuwa unasoma mkusanyiko wa miezi na miezi, upate presha bure. Fanyeni hivyo kwenye simu zote siku moja, mezani, kila mtu akiona ya mwenzake. Mwisho wa mwezi kaeni tena.

Mtakachokikuta, nabashiri, ni kwamba maneno hayali kitu. Mtu anaweza kuchati kutwa nzima na asifike popote. Simu ya sauti kupitia intaneti kwa kawaida haimalizi hata MB 1 kwa dakika. Mlaji ni video. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya ubora wa HD inaweza kuchukua hadi GB 3, maana yake filamu moja ndefu ingemaliza zaidi ya nusu ya lile bando letu. Na zile video fupi zinazojicheza zenyewe unapopitisha kidole ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayehisi kwamba alikuwa "anaangalia" kitu. Zima kujicheza, zima kupakia picha kwa data ya simu, ruhusu masasisho ya programu kwenye waifai tu. Sisi tulipofanya hayo matatu, GB 10 zile zile zilifika siku ya 27.

Bei ndiyo watu wanayoiangalia kwanza. Mimi ningeanza na chumba. Ndiyo, chumba unacholala. Ramani za mtandao zinazopakwa rangi nchi nzima hazikuambii kitu kuhusu ukuta wako. Mawimbi ya masafa ya chini, kama MHz 700 au 900, husafiri mbali na hupenya kuta. Ya juu, kama MHz 3,500, hubeba data nyingi lakini huchoka haraka na ukuta huyasumbua. Kwa hiyo unaweza kuwa na mtandao wa kasi ya ajabu barazani na usipate simu jikoni. Vile vijistari vya juu ya kioo navyo usivitegemee sana, kila mtengenezaji huamua mwenyewe kistari kimoja ni nguvu kiasi gani. Dawa ni kununua laini za mitandao miwili mitatu bila mkataba, uzijaribu kwenye simu moja kwa wiki: chumbani, njiani kwenda kazini, nje ya shule ya mtoto. Na jaribu usiku, saa mbili hadi saa nne, watu wakiwa wamerudi nyumbani. Mnara mnagawana na mtaa mzima. Ukiupima saa nne asubuhi utadanganyika.

Sasa kuhusu neno "bila kikomo". Mara nyingi kikomo kipo, ila kimehamishiwa kwenye maandishi madogo: ukifika GB kadhaa, kasi inashushwa. Uliza mambo mawili tu. Inashushwa baada ya GB ngapi? Na inashushwa mpaka ngapi? Ukijibiwa kilobiti 128 kwa sekunde, piga hesabu: MB 1 itachukua kama dakika moja. Picha moja ya MB 3, dakika tatu. Kwa jina bado una intaneti. Uliza pia kama unaruhusiwa kurusha hotspoti kwa kompyuta, maana baadhi ya vifurushi huihesabu kando.

Simu za mkataba nitazipitia haraka kwa sababu msimamo wangu nimeshausema. Zidisha malipo ya mwezi kwa miezi yote, 24 au mingapi ile, toa bei ya kifurushi kitupu, kinachobaki ndicho unacholipia simu. Linganisha na bei ya dukani. Uliza ukitaka kutoka katikati unadaiwa nini, na kama simu imefungwa isitumie laini ya mtandao mwingine. Uingereza walipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa namna hiyo mwishoni mwa 2021, lakini si kila nchi imefika huko.

Kushiriki au kila mtu na lake? Hapa nimebadilisha mawazo mara mbili. Bando la pamoja hutoka rahisi ukihesabu kwa GB, lakini lina tatizo la chungu kimoja: mwenye kijiko kikubwa hajulikani mpaka chungu kiwe kitupu. Kama mtandao wako unakuruhusu kumwekea kila mtu kiwango chake ndani ya bando la pamoja, chukua hilo. Kama hauruhusu, kila mtu awe na dogo lake, hata likitoka ghali kidogo. Mtoto ambaye bando lake limekata tarehe 20 anajifunza jambo ambalo hotuba yangu ya sebuleni haikumfundisha. Wala mimi haikunifundisha.

Laini ya mtoto isajiliwe kwa jina la mzazi pale sheria inaporuhusu, na kabla hajaishika omba zizuiwe huduma za kulipia, zile za kujiunga kwa kubonyeza namba kisha zinanyonya salio kila siku. Weka na PIN kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungua simu. Simu ikiibwa, mwizi akichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, PIN hiyo ndiyo inayomzuia kupokea ujumbe wa siri wa kufungulia barua pepe na akaunti zenu.

Kuna mama yangu pia. Yeye GB hazimhusu, anataka dakika, ujumbe mfupi, na namba yake ile ile ya miaka yote. Nikamchukulia kifurushi cha dakika chenye ujumbe 100. Baada ya siku chache akanipigia: ujumbe umeisha, na ameandika kama arobaini tu, amehesabu. Nilimwamini, mama hakosei hesabu. Nikaomba anionyeshe anavyoandika. Kila ujumbe unaishia na kimoyo chekundu. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukiweka hata kikatuni kimoja kama hicho, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo wa uandishi na nafasi inashuka hadi herufi 70. Anachokiona yeye kama ujumbe mmoja, mtandao unakihesabu viwili au vitatu. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema basi nimwongezee ujumbe, kwa sababu kimoyo hakiondoki.

Nikamwongezea. Sisi wengine sasa tuna vifurushi vidogo vidogo, kila mtu na chake, na kila tarehe 1 kijana ndiye anayesoma matumizi ya kila mmoja mezani. Anaanza na mimi.