Dhahabu Haihami

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa sonara wangu hapa Mwanza, nikisubiri pete ya marehemu mama iliyokatika iunganishwe, wakati kijana mmoja kutoka machimbo ya upande wa Geita alipoingia na kufungua karatasi ya sigara iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na chembe chache za dhahabu, ndogo kuliko punje za ulezi. Mzee aliyekuwa ameketi kwenye benchi alizitazama, kisha akamwambia kwa sauti ya mtu anayemtakia mema: "Mwanangu, duara lako la kuchimbia halijapewa haki yake. Dhahabu inahama. Usipoiita kwa dawa, inakimbilia kwa mwingine."

Kijana aliitikia kwa kichwa. Mimi niliumia, na tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua maneno ya namna hiyo yalitufikisha wapi.

Dhahabu ya Geita ni kongwe kuliko Geita, na ni kongwe kuliko Dunia yenyewe. Nyota kama Jua hugeuza hidrojeni kuwa heli, na nyota kubwa zaidi huendelea kuunganisha viini vya atomu hatua kwa hatua hadi kufikia chuma, chenye protoni 26, zile chembe za kiini ambazo idadi yake huamua elementi ni ipi. Hapo moto wake huishiwa nguvu, kwa kuwa kuunganisha viini vya chuma hakutoi nishati bali huila. Dhahabu ina protoni 79. Dhahabu nyingi huvuka pengo hilo pale ambapo kiini cha atomu kinamwagiwa nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, kwa wingi na kwa kasi kiasi kwamba kinameza nyingine kabla ya zile za kwanza kupata nafasi ya kugeuka kuwa protoni, na mahali penye mafuriko hayo ni pachache mno katika ulimwengu wote.

Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya kunasa mawimbi ya mvutano, ile ya LIGO iliyoko Marekani na ule wa Virgo ulioko Italia, ilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 130 kutoka hapa. Nyota ya namna hiyo, iliyosheheni nyutroni, ina uzito unaozidi wa Jua, ilhali upana wake ni kilomita 20 hivi, kiasi cha kutosha kukaa juu ya jiji letu na viunga vyake. Darubini zilipoelekezwa huko zilikuta wingu linalong'aa na kubadilika rangi kutoka buluu hadi nyekundu, kama inavyotarajiwa panapozaliwa elementi nzito, na makadirio ya dhahabu iliyotawanywa na mgongano huo mmoja yanapita uzito wa Dunia yetu nzima. Platini nayo hutoka katika tanuru hizohizo.

Hata hivyo migongano hiyo ni nadra, na kinachotawanyika hupotea katika anga kubwa. Katika mfumo wetu wa Jua, kwa kila atomu moja ya dhahabu kuna zaidi ya atomu milioni 4 za chuma, na sehemu kubwa ya dhahabu ya Dunia ilizama na chuma hicho kwenye kiini chake ilipokuwa bado imeyeyuka.

Ninakubali, japo kwa shingo upande, kwamba mzee ana chembe ya ukweli: maji ya moto yaliyopita katika nyufa za miamba yetu yaliisafirisha dhahabu na kuiacha kwenye mishipa ya mawe meupe. Lakini hilo lilitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla hajakuwapo mnyama wala mti, na tangu hapo hakuna aliyeiita ikaitika.

Pale Sengerema kuna sanamu ya baba aliyembeba begani mtoto mwenye ualbino, huku mama akimvisha kofia ya kumkinga na jua. Iliwekwa kwa ajili ya watu waliouawa na kukatwa viungo kwa sababu mtu fulani alimwambia mchimbaji au mvuvi kwamba mwili wa jirani yake unavuta utajiri. Kila ninapopita hapo najiuliza ni wangapi wangekuwa hai laiti tungefundisha, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, misikitini, makanisani na kwenye makarasha ya kusagia mawe, kwamba kitu kilichohitaji nyota mbili kugongana hakiwezi kuongezwa hata kwa chembe moja na damu ya mtoto.

Niliyasema haya pale dukani kwa adabu, na mzee akanisikiliza hadi mwisho. Sonara alipima: pointi sita, hata gramu moja haifiki. Kijana alipokea fedha zake, akaniuliza kwa nini basi duara lake limekauka na la jirani, hatua kumi tu kutoka pale, bado linatoa. Nilimweleza kwamba mshipa hukatika pale mwamba ulipovunjika zamani na upande mmoja ukasogea, na kwamba mjiolojia anaweza kuufuatilia.

"Mwalimu, mjiolojia anataka fedha kwanza," alisema. "Mganga anakubali kusubiri mpaka mzigo utoke."

Wajiolojia wa Mwanza na Geita, nanyi pia kubalini kusubiri mpaka mzigo utoke. Nendeni maduarani kwa masharti hayohayo.