Gari Lenye Woga Kumzidi Shangazi

Gari langu lilipatwa na woga. Sina neno jingine. Unagusa pedali ya breki kwa ncha ya kiatu, nia yako ni kupunguza mwendo tu umpishe mwenye baiskeli, lenyewe linaamua kwamba mbele kuna ukuta. Linashika breki zote nne kwa mkupuo, mikanda inakaza, miwani inahama usoni, na dereva aliye nyuma yako anakutukania mpaka mababu ambao hata wewe hukuwahi kutajiwa majina yao. Kisha, mkiwa mmesimama katikati ya barabara tupu, dashibodi inawasha taa ya njano na kuandika kwamba msaada wa breki una hitilafu. Asante kwa taarifa.

Aliyeteseka zaidi ni Shangazi. Ndiye abiria wangu wa kudumu, na hukaa nyuma katikati, mkoba mapajani, ili aone barabara na kunielekeza. Siku woga ulipoanza, mkoba ulifika kwenye kioo cha mbele, ukafunguka, ukamwaga siri zake zote. Baada ya hapo akajifunza kujihami. Akiona makutano kwa mbali anakikumbatia kiti cha mbele kwa mikono miwili, anafumba macho na kumtaja Mola kwa sauti. Tulikuwa tunakumbuka wafu wetu kila penye taa za barabarani.

Nilianza kwa mafundi wa spana. Mmoja alibadilisha pedi. Mwingine akasema breki zina upepo, akalala chini ya gari, akatoa upepo. Sasa, breki yenye upepo pedali yake hulegea na kuzama, na yangu ilikuwa na ugonjwa wa kinyume kabisa, lakini nani ana ujasiri wa kubishana na mtu aliyeshika spana chini ya gari lako? Upepo ukatoka, woga ukabaki. Wa mwisho aliweka mikono kiunoni, akalizunguka gari taratibu, akatangaza: "Masta silinda." Nikamuuliza amejuaje na hata boneti hajafungua. "Uzoefu," akasema.

Ndipo nikaelekezwa kwa kijana mmoja ambaye gereji yake haina grisi. Ana laptopu, nyaya, na shati jeupe. Shati jeupe ndilo lililomtia Shangazi mashaka.

"Huyu ni fundi au karani?" akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

"Shikamoo, mama," kijana akasema.

"Marahaba. Hujachafuka hata kidogo, mwanangu. Umeanza kazi leo?"

Kijana akacheka, akaingiza waya kwenye ile soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, akaanza kusoma. Kwenye laptopu zikatokea namba nyingi za hitilafu, zenye herufi mbele. Alikuwa mtu wa kupenda kufundisha, na sisi tulikuwa darasa lisilo na pa kukimbilia. P ni injini na gia, akasema. B ni bodi. U ni mawasiliano kati ya vifaa. C ni chasisi, na humo ndimo breki zilimo. "Lenu lina C."

"Ni mbaya?" Shangazi akauliza.

"Ni afadhali kuliko kubahatisha, mama."

Akatueleza kiini cha mambo. Madereva wengi, hatari ikitokea, hukanyaga breki upesi lakini hawakanyagi kwa nguvu ya kutosha. Ndiyo maana mwaka 1996 Mercedes-Benz walileta msaada wa breki: kompyuta inapima pedali inashuka kwa kasi gani, na ikiona mguu umeshuka ghafla, inaongeza shinikizo lote bila kungoja dereva amalize kuamua. ABS nayo inazuia magurudumu yasijifunge. Watu wengi hufunga safari zao zote bila kujua kwamba kitu hicho kipo. Gari langu halikuwa na kasoro ya chuma popote. Sensa ya pedali ilikuwa nzima, ila programu iliyokuwa ikiisoma ilikuwa toleo la zamani, lenye kizingiti cha chini mno. Mtikisiko mdogo wa mguu, yenyewe inasoma ajali. Mtengenezaji alishatoa toleo jipya. Kilichobaki ni kufuta la zamani na kuandika jipya, yaani kuflashi.

"Kwa hiyo breki utazitengeneza kwa kuandika?" nikauliza.

Hakukasirika. Akasema mwaka 2010 Toyota waliyaita magari zaidi ya laki nne duniani kote, mengi yakiwa Prius, kwa sababu ya breki za ABS, na dawa ilikuwa programu mpya. Mwaka 2018 Tesla Model 3 lilipopimwa na jarida moja la watumiaji Marekani, kutoka maili 60 kwa saa lilihitaji futi 152 mpaka lisimame. Kampuni ikatuma programu mpya kwa intaneti, likapimwa tena, likasimama kwa futi 133. Hakuna aliyefungua hata nati moja.

Shangazi alisikiliza yote hayo kwa makini. "Na pedi tulizonunua?"

"Mtazitumia tu, mama."

Akaniangalia. Sikusema kitu.

Maandalizi yalinishangaza kwa ukali wake. Swichi ya gari iwe imewashwa lakini injini imezimwa. Chaja iungwe kwenye betri, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya uandishi, kompyuta ya breki inabaki na nusu ya akili. Milango isifunguliwe, maana kila mlango ukifunguka vifaa vingine vinaamka na kunywa umeme. Hakuna kugusa taa, redio wala vioo. Fundi akatuomba tushuke kabla hajaanza. Mimi nikashuka.

"Mimi miguu inaniuma," Shangazi akasema. "Andika tu, sitakusumbua."

Fundi alimtazama, akaitazama milango, akakubali. Ndivyo Shangazi alivyofungiwa ndani ya gari linalobadilishwa akili.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye laptopu. Kisha gari likapagawa. Kompyuta ya breki inapoandikwa, vifaa vingine huamriwa vinyamaze, na vikinyamaza, kila kimoja kinadhani mwenzake amekufa. Taa zote za dashibodi zikawaka, hata zile ambazo sikujua ninazo. Feni ya rejeta ikaanza kunguruma kwa nguvu zote, kwa kuwa haipati habari za joto la injini na imefundishwa kushuku mabaya. Waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, kwa kasi ya mvua kubwa.

Ndani, Shangazi alikuwa anapiga kioo. Tuliona midomo yake lakini feni ilimeza maneno. Nilimtambua Mola, na jina langu, na baadaye la marehemu baba yangu.

"Usifungue mlango!" fundi akapaza sauti, viganja vimeinuliwa.

Shangazi ni mtu wa kutii. Hakufungua mlango. Akateremsha kioo.

Fundi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kioo kilishuka chote, taratibu, kikila umeme kwa uroho, na kichwa cha Shangazi kikatokeza. "Linataka kuruka hili!" akasema. Mstari wa kijani ukasita. Tukashika pumzi wote. Ukaendelea. Chaja ilikuwa imefanya kazi yake, fundi akafuta jasho kwa mkono wa lile shati jeupe, na alama ya kwanza ya gereji ikaingia kwenye shati hilo.

Kama mkosi ungeishia hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Mteja mwingine, bwana mpole mwenye simu iliyokwisha chaji, alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Aliona kamba ya umeme yenye matundu, yote yamejaa. Akachagua plagi iliyoonekana kwake haina kazi, akaichomoa kwa adabu, akachomeka simu yake, akarudi kukaa. Ilikuwa plagi ya chaja ya betri.

Feni ile ilimaliza betri upesi ajabu. Volti zikashuka chini ya 12, zikaendelea kushuka. Mstari ukasimama. Ukageuka mwekundu. Kimya.

"Nani?" fundi akasema. Hakuuliza nani nini. "Nani?"

Bwana mpole akainua simu yake juu. "Imeanza kuingia," akatujulisha kwa furaha.

Sasa gari halikuwa na woga tena. Halikuwa na fahamu. Spidomita ilionyesha vistari, kwani kumbe yenyewe hupewa mwendo na kompyuta ya breki. Breki ya mkono, ambayo ni ya umeme, ilikataa kuachia, kwa hiyo hata kulisukuma haikuwezekana. Nilikuwa nimeleta gari linalosimama kupita kiasi, nikapewa gari linalosimama moja kwa moja. Ukilitazama kwa haki, tatizo la breki kushika ghafla lilikuwa limekwisha.

Fundi hakuhangaika kama nilivyohangaika mimi. Alichomeka chaja upya, akaifunga plagi kwa utepe wa gundi, akaketi mbele yake. Akaeleza, sasa bila hamu ya kufundisha, kwamba ndani ya kompyuta hizo kuna programu ndogo ya kuamshia ambayo haifutwi hata mengine yote yakifutika. Mradi hiyo ipo, unaweza kuanza upya. Betri ikapewa muda wa kujaa. Shangazi akaambiwa sasa anaweza kushuka na kupumzika.

"Nilianza nalo, nitamaliza nalo," akasema, akapandisha kioo.

Awamu hii alikaa ametulia kimalkia huku waipa zikipiga mbele yake na feni ikiunguruma, mkono mmoja ukimpungia bwana mpole aonyeshe kwamba anamwona. Mstari ukafika mwisho. Fundi akafuta namba zote za U ambazo vifaa vilikuwa vimeandika wakati vikidhani wenzao wamekufa, akanyoosha usukani na kuifundisha sensa yake katikati ni wapi, akatoa mguu kwenye pedali ili sensa ya breki nayo ijue sifuri yake. Taa ya njano ikazimika.

Tukatoka kulijaribu, fundi kando yangu. Penye makutano ya kwanza nyuma yangu nikasikia Mola anatajwa na kiti kinakumbatiwa. Nikagusa breki. Gari likapunguza mwendo kwa upole, likasimama mahali nilipotaka.

Kimya kirefu.

"Mbona haijashika?" Shangazi akauliza.

"Imeshika, Shangazi. Tumesimama."

"Sijasikia kitu. Mwanangu, umeitoa breki yetu. Irudishe."

Fundi akajaribu kumweleza habari za kizingiti. Haikusaidia. Mwishowe akaniomba niingie kwenye uwanja mtupu, nifikishe mwendo wa wastani, kisha nikanyage ghafla, kwa mguu wa mtu aliyeona hatari. Nikakanyaga. Pedali ikatetemeka chini ya kiatu, gari likajikita chini, na mkoba ukapita katikati yetu, ukagonga kioo cha mbele, ukamwagika wote mapajani mwa lile shati jeupe.

"Naam," Shangazi akasema, akinyoosha mkono kudai miwani yake. "Hiyo ndiyo breki. Mlipe kijana."