Kwikwi haina faini

Kaka yangu alipopata mchumba Tanga, mimi nilipewa kazi moja tu: kubeba barua ya posa na kukaa kimya. Baba mdogo alinihesabia masharti tangu tunapanda basi. Usichangie mazungumzo. Usicheke ovyo. Na usile chochote njiani, maana Ngamiani tumepikiwa pilau, na mgeni kufika ameshiba ni kumtukana aliyepika.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda. Basi lilipotua Segera nikaaga naenda kujisaidia, nikajibanza nyuma ya kibanda na mihogo ya kukaanga ya buku, pilipili imemwagwa juu. Nina dakika mbili. Sikutafuna, nilihamisha tu, mihogo na upepo vyote pamoja.

Ukweni tukapokelewa vizuri. Wanaume mkekani, wanawake nyuma ya pazia, kila mgeni na chupa yake ya soda. Mshenga akakohoa, akaanza: "Wazee wetu, katika pitapita zetu tumeona ua bustanini kwenu..."

Kwik!

Ya kwanza watu waungwana hawaisikii. Ya pili waliisikia. Ya tatu ilininyanyua kofia kichwani. Nikabana pumzi hadi masikio yakaziba. Kwikwi ikasubiri niachie, ikaendelea pale pale ilipoishia.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya bibi yake bibi harusi: "Nani huyo analia?"

Kimya.

"Humo ndani mtu analia, mimi nasikia kwikwi!"

Hapo Kiswahili chenyewe kikanisaliti. Kwikwi ya kilio na kwikwi ya mihogo zina jina moja, na bibi wa watu ameketi nyuma ya kitambaa, atajuaje? Mama mmoja akajibu kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo: "Ni yule mdogo mtu. Labda hataki kaka yake aoe." Mwingine akadakia: "Au na yeye alikuwa anamtaka huyo huyo?"

Baba mdogo alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia shambani kwake. Akanong'ona: "Kunywa soda. Yote. Pumzi moja."

Nikainywa. Na kweli, kwikwi ikakata! Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Mshenga naye akapata nafasi, akamalizia ua lake, akaweka barua katikati, akasema, "Basi wazee, tunasikiliza kutoka kwenu." Sebule ikatulia hata feni ukaisikia inavyolalamika.

Ndipo ikapanda. Naona ilianzia magotini. Nilifunga mdomo, ikatafuta pua. Nikabana pua, ikarudi mdomoni na hasira. Ilikuwa mbweu ndefu, ina bismillahi yake, ina kituo katikati, halafu ina mkia. Mzee mmoja wa upande wao, kwa mazoea tu, akaitikia, "Alhamdulillahi." Kisha akanyamaza, akageukia mlango wa jikoni, ambako pilau ilikuwa bado haijapakuliwa.

"Kashiba nini huyo?" bibi akauliza. "Kumbe wamekula kwao ndio wakaja! Wanaogopa tutawalisha nini?"

Baba mdogo akajaribu kuokoa jahazi. "Ni ile ile kwikwi, mama. Imetokea vibaya tu."

Ingepita, kama pembeni yangu asingekuwa ameketi mzee aliyestaafu utabibu wa zahanati. Akanyanyua kidole. "Hapana. Kwikwi ni hewa inayoingia. Kuna msuli umetandazwa kati ya kifua na tumbo, unaitwa kiwambo. Ukishtuka unavuta hewa kwa ghafla, kilango cha koo kinajifunga, ndio hiyo kwik. Sasa hii ilikuwa inatoka. Hii ni hewa ya tumboni, aliyoimeza na ile ya soda." Akanivutia pua kidogo. "Na imetoka na pilipili ya mihogo."

Wazee wakateta. Hukumu ilitolewa na babu yao: kwikwi haina faini, kwa sababu humjia mtu bila kuitwa. (Baadaye nilisoma habari za Mmarekani mmoja wa Iowa, Charles Osborne, aliyeshikwa na kwikwi mwaka 1922 akijaribu kumpima uzito nguruwe, isimwachie hadi 1990. Na bado alioa, tena mara mbili. Nadhani yeye hakupitia Segera.) Lakini mbweu, babu akasema, hubisha hodi kwanza, mtu mwenye adabu huipokea kwa kiganja na kugeuza uso. Na mbweu kabla ya chakula ni shtaka la peke yake.

Faini: kreti mbili za soda, hapo hapo, kutoka mfukoni mwa baba mdogo. Nami nikaongezewa adhabu yangu, sinia langu peke yangu, nilimalize mbele ya mzee tabibu ili upande wa bibi waridhike kwamba hatuwaogopi.

Nikala, juu ya mihogo na soda. Tonge la kwanza, la tano, la kumi. Jasho likaanza kunitiririka, machozi yananilenga, pilau iko pale pale haipungui.

Kwik!

"Haya," bibi akasema nyuma ya pazia, "sasa huyo analia kweli."