Mwacheni samaki apumue!

Jamani, hili la kumpiga samaki picha kabla ya kumwachia linanikera sana. Mwezi wa Agosti, mto Bitterroot huku jimbo la Montana, Marekani, maji yamepungua na jua linawaka, mtu kanasa samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia, yaani chambo cha kuigiza mdudu. Anasema atamwachia. Sawa. Ila kwanza simu itafutwe mfukoni, rafiki aitwe kutoka ng'ambo ya mto, samaki ageuzwe upande wenye madoa mazuri. Muda wote huo yuko hewani, matamvua yanafunguka na kufunga bila kupata kitu. Tena kashikwa kwa mikono mikavu, ule ute unaomkinga na magonjwa unabaki viganjani.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, na huyu tayari kachoka kwa kuvutana na mshipi. Ndiyo maana jimbo limeweka utaratibu: joto la mto likifika kama nyuzi 23 za Selsiasi siku 3 mfululizo, uvuvi unaweza kusimamishwa kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Na bado utamkuta mtu saa 9 kasimama majini na fimbo yake! Ukimwambia, anajibu, "Si ameogelea kaenda?" Kaenda, ndiyo, ila wengine hufia mbele huko ambako humwoni.

Amkeni alfajiri, maji yakiwa bado baridi. Lowesheni mikono, mchomoeni ndoano akiwa ndani ya maji, mwacheni aende. Picha si lazima.