Waruhusuni madaktari wa meno watibu wakisubiri mtihani

Jumamosi nilikaa kwenye meza ya jikoni hapa Leicester, Uingereza, nikachonga gego la plastiki saa mbili nzima. Nimelikaza kwenye taya la bandia, taa ya kusomea nimeiinamisha juu yake. Plastiki haina damu wala mate, haina ulimi unaokusukuma kidole. Ukiigusa kwa drili inatoa harufu ya ndoo iliyoungua. Jino la mtu ni jambo jingine: gamba la juu linakukatalia, kisha ghafla mkono unahisi ulaini, unajua umeingia ndani. Ulaini huo nilifundishwa Muhimbili, nikauzoea miaka minne katika hospitali ya mkoa. Sasa naona unanitoka.

Ndugu zangu huniuliza, "Si tayari wewe ni daktari? Mtihani wa nini tena?" Mtihani siupingi. Anayemchoma mtu sindano ya ganzi kinywani sharti apimwe, na huu wa Uingereza, ORE, wa kuwasajili madaktari wa meno waliosoma nje, unapima kweli. Sehemu ya kwanza ni karatasi mbili kwenye kompyuta. Ya pili ina mambo manne: kuchonga meno kwenye kichwa cha bandia, kuwahoji na kuwachunguza wagonjwa wa kuigiza, kupanga matibabu, na dharura, yaani mgonjwa akizimia kitini utafanyaje. Ada ya hiyo ya pili inapita pauni 4,000. Tena kabla ya yote unathibitisha angalau saa 1,600 za kutibu wagonjwa kwa mikono yako mwenyewe. Sawa kabisa.

Kinachoniuma ni kusubiri bila kugusa mgonjwa. Nafasi ni chache, zikitangazwa zinajaa upesi. Korona iliusimamisha mtihani mwaka 2020, ukarudi 2022. Na ukishajaribu sehemu ya kwanza, una miaka mitano tu ya kufaulu ya pili. Zamani daktari aliyesoma nje aliweza kujisajili kwenye kada za chini za tiba ya meno, akabaki anafanya kazi kinywani. Mlango huo ulifungwa Machi 2023. Aliyesomea Poland au Ureno, shahada yake inapokelewa bila mtihani huu. Mimi nashika bomba la kunyonya mate pembeni ya daktari mwingine. Ni kazi ya heshima na nimejifunza mengi, ila koleo silishiki.

Na wagonjwa wapo! Februari 2024, kliniki moja ya St Pauls, Bristol, ilipoanza kuandikisha wagonjwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, foleni ilikuwa ndefu hadi polisi wakaja. Kuna watu nchi hii wanajing'oa meno wenyewe nyumbani.

Kwetu Tanzania, ukimaliza chuo unapewa usajili wa muda, unafanya intanshipu ya mwaka mmoja chini ya waliokutangulia. Nakumbuka gego la kwanza la chini lililonikatalia. Mzizi umepinda, mama wa watu amekamata mikono ya kiti, jasho linanitoka. Daktari bingwa alikuwa nyuma ya bega langu, hakusema neno. Alinigusa kiwiko tu, akakishusha kidogo. Nikasukuma kuelekea shavuni, jino likalegea. Karatasi gani ya mtihani ingenifundisha hilo?

Mapema 2024 serikali ya Uingereza ilikusanya maoni kuhusu usajili wa muda kwa madaktari wa meno waliosoma nje, watibu wakisimamiwa kabla ya usajili kamili. Nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini iandikwe wazi kwamba msimamizi awe ndani ya jengo lile lile, na anaowasimamia wawe na kikomo. La sivyo, watakuwepo wenye kliniki watakaotuacha peke yetu chumbani kwa ujira wa msaidizi, na wa kwanza kuumia atakuwa mgonjwa.